Jicho Moja na Mbao za Ruiri

Jicho langu la kushoto lilipotea nikipigilia msumari wa simiti kwenye ukuta wa ghala la kahawa huko Githongo. Ilikuwa asubuhi, hakukuwa na upepo, sikuwa nimelewa na sikuwa na haraka. Watu huniuliza hayo yote, kwa hiyo nayajibu mapema. Msumari wa simiti ni mgumu. Haukunjiki kama wa mbao. Ukiupiga kombo hukatika. Mimi niliupiga kombo. Kipande kiliruka, nikahisi kama mtu amenirushia punje ya mahindi usoni. Nilipotoa mkono niliona damu kidogo tu kwenye vidole, nikafikiri nimeponea.

Hospitalini Meru nililazwa siku tisa. Daktari aliyenitibu alikuwa mama mpole ambaye siku za kawaida alizungumza nami kwa Kiswahili, ila akiwa na habari mbaya alihamia Kimeru. Siku ya sita alihamia Kimeru. Aliniambia jicho litabaki mahali pake lakini halitaona tena.

"Watu hata hawatajua," alinifariji. "Utaonekana mzima."

Nilitaka kumwambia kwamba shida yangu haikuwa kuonekana.

Mimi nilikuwa fundi wa paa. Viti na makabati niliwaachia wengine. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nimetembea juu ya kuta na juu ya mbao zenye upana wa kiganja, nyundo kiunoni, misumari mdomoni, na sikuwahi kuanguka. Mke wangu alizoea kusema kwamba ninatembea vizuri juu kuliko chini, kwa sababu chini hujikwaa kwenye kila jiwe la kwetu.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia hospitalini: jicho moja halipimi umbali. Nililigundua nyumbani, siku ya kwanza, nilipojimiminia chai. Niliimimina yote mezani, kando ya kikombe, huku nikikitazama kikombe chenyewe. Jumapili iliyofuata pasta alininyooshea mkono mlangoni mwa kanisa nami nikashika hewa. Watu waliokuwa karibu walicheka, kisha wakaona haya, kisha wakaniambia pole. Nilikuja kuichukia ile pole. Ilinifuata dukani, ikanifuata kwenye foleni ya kupima kahawa, ikawa kama jina langu la pili.

Baada ya miezi mitatu nilijaribu kurudi kazini. Jirani alikuwa akitengeneza zizi la ng'ombe, kazi ya mbao kumi na mbili tu. Msumari wa kwanza nilipiga kidole gumba. Wa pili nikapiga mbao. Wa tatu nikapiga kidole gumba kilekile, mahali palepale. Jirani alitazama ardhi, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, si upumzike kwanza? Ng'ombe hawana haraka."

Alinihurumia, na hapo ndipo palipouma. Nilirudi nyumbani, nikatia nyundo, msumeno, kamba na pima maji ndani ya gunia, nikalifunga mdomo. Kesho yake nilichukua kikapu nikaingia shambani kuchuma kahawa pamoja na mke wangu. Hakuniuliza kitu. Alinipa tu safu ya miti mifupi, ambayo matawi yake hayangeweza kunichoma lile jicho lililobaki. Nilichuma msimu mzima. Vidole vilijua kazi, lakini kila nilipoinua kichwa niliona mapaa ya watu, na kila paa nililoliona lilikuwa na kasoro ambayo mimi ningeirekebisha.

Nilikuwa na mwenzangu wa kazi. Tulisoma pamoja chuo cha ufundi, tukaanza kazi pamoja, na kwa miaka yote hiyo yeye alishika upande mmoja wa mbao nami nikashika mwingine. Ni mtu mrefu, mkimya, anayefikiria jambo mpaka liive. Jumapili moja alifika kwetu na pikipiki, bado amevaa suti ya kanisani. Tulikaa nje ya jikoni. Mke wangu alikuwa mlangoni akimenya ndizi za kupika.

"Nimepata kazi Ruiri," mwenzangu alisema. "Akina mama wa kanisa wanajenga ukumbi. Kuta zimeisha, sasa wanataka paa."

"Hongera."

"Mbao zishaletwa. Nimeziona." Akanywa chai. "Ni mbaya."

"Mbaya aje?"

"Mbichi. Imechanganywa changanywa. Ingine ni saipresi, ingine hata sijui ni mti gani. Zimepinda kila upande. Walienda kununua bila fundi, mwenye kiwanda akawapakilia chochote kile."

"Zirudishwe."

"Zilishapokelewa. Kurudi hazirudi." Akaweka kikombe chini. "Nataka mtu wa kuziangalia. Moja moja, kabla ya kitu chochote kupanda juu. Wewe ndiye ulikuwa ukifanya hiyo kazi."

"Tafuta mtu mwenye macho," nilimjibu.

Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Ndipo mke wangu, bila kuinua kichwa kutoka kwenye ndizi zake, akaniita, "Baba watoto, kwani ukitaka kujua kama mbao imenyooka, huwa unafanyaje?"

"Si unajua. Umeniona miaka yote."

"Nimesahau. Nionyeshe."

Kulikuwa na jembe limeegemea ukuta. Nililichukua kwa hasira, nikainua mpini mpaka usawa wa shavu, nikautazama kwa urefu kutoka ncha moja hadi nyingine, kama nilivyotazama maelfu ya mbao maishani mwangu.

"Na jicho la kushoto umelifanya nini?" akauliza.

"Nimeli..."

Sikumaliza. Nilikuwa nimelifumba. Halikuwa linaona chochote, lakini mkono ulipoinuka kope lilishuka lenyewe kwa mazoea ya miaka kumi na tisa.

"Kumbe ulipoteza lile la kufumba," mke wangu alisema, akachukua ndizi nyingine. "Lile la kazi liko."

Mwenzangu, ambaye huwa hacheki, alicheka mpaka chai ikamwagikia suti. Nami nikacheka. Nilisimama katikati ya uwanja na jembe shavuni, nikacheka mpaka machozi yakatoka macho yote mawili. Jumatatu asubuhi nilifungua gunia.

Ruiri si kama kwetu. Githongo ni mteremko na kahawa na matope. Ruiri ni tambarare, vumbi, kondoo, na upepo unaoshuka kutoka mlimani bila kitu cha kuuzuia. Ukumbi ulikuwa umejengwa kwa mawe, mrefu, kuta zimenyooka vizuri sana. Kando yake kulikuwa na rundo la mbao lililoachwa juani. Mwenzangu hakuwa ametia chumvi. Nyingine zilikuwa zimeinama kama mtu aliyebeba kuni kwa miaka mingi.

Aliyetupokea alikuwa mwenyekiti wa akina mama, mjane mfugaji, mnene, mwenye sauti ambayo ingemrudisha kondoo kutoka upande wa pili wa barabara. Alitazama jicho langu, ambalo tangu hospitalini lilikuwa limeingia weupe, moja kwa moja, bila kuona haya.

"Hilo ni la nini?"

"Msumari, mama mwenyekiti."

"Na hilo lingine linaona?"

"Linaona."

"Basi karibu kijana yangu. Chai iko."

Alikuwa mtu wa kwanza, nje ya nyumba yangu, ambaye hakuniambia pole.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Hakuna mbao iliyonyooka kabisa. Mti ulikua ukifuata jua, ukasukumwa na upepo, na ukishapasuliwa, mbao hukumbuka. Ukiitazama kwa urefu, kwenye ule ubavu wake mwembamba, utaona imejikunja kidogo kama upinde. Upande uliotuna sisi huuita mgongo, na ule uliobonyea huuita tumbo. Rafta, yaani ile mbao inayoshuka kutoka kileleni mwa paa mpaka ukutani, lazima ilale mgongo ukiwa juu. Mabati yakija na uzito wake, mgongo unashuka taratibu na mbao inanyooka. Ukiilaza tumbo juu, uzito unaizidishia kuinama. Na ukichanganya, moja mgongo juu, jirani yake tumbo juu, paa linakuwa na mawimbi, mabati hayakai, upepo unapata mahali pa kutia kidole.

Niliomba meza mbili za chini, mwenzangu akaniinulia mbao juu yake, moja baada ya nyingine. Nilipiga goti, nikaweka shavu kwenye ncha, nikatazama. Ajabu ni kwamba niliona vizuri zaidi kuliko zamani. Sijui kama ni kweli au ni furaha, lakini mstari wa mbao ulinijia wazi, na pale ulipoinuka niliuona umeinuka, hata kama ni kwa unene wa kipande cha karatasi ngumu. Nilichora mshale kwa chaki nyekundu, ukielekea upande wa mgongo. Zilizokaribia kunyooka niliziweka kando kwa ajili ya kilele na kwa ajili ya juu ya ukuta. Zenye mgongo wa wastani zikawa rafta. Zilizopinda sana tulizitenga zikatwe vipande vifupi vya kushikilia, maana kipande kifupi hakina nafasi ya kupinda. Zilizojisokota kama kamba ya ng'ombe tulizitupa pembeni, na akina mama wakasema hizo zitapika githeri. Zilizobaki tulizipanga upya kivulini, tukaweka vijiti katikati ili hewa ipite na mawe mazito juu ili zisije zikapinda zaidi zikikauka.

Siku ya pili mama mwenyekiti aliacha kondoo wake akaja kupiga goti kando yangu.

"Unaangalia nini hapo?"

"Angalia kama unatunga uzi kwenye sindano, mama. Fumba moja."

Alifumba. Alitazama kwa muda mrefu. "Ngai!" akasema. "Iko na kibiongo!"

Kuanzia hapo hakuna mbao iliyopita bila yeye kuitazama baada yangu.

Aliyekuwa hapendi mambo hayo ni msimamizi. Alikuwa mwanamume wa miaka kama thelathini kutoka Embu, amesomea ujenzi, na kamati ya akina mama ilimwajiri kusimamia jengo zima. Lazima niseme ukweli: zile kuta nzuri zilikuwa kazi yake. Alijua mawe na simiti. Lakini siku ya kufungua ukumbi ilikuwa imeshatangazwa kanisani, wageni walikuwa wamealikwa, na kila alipopita akanikuta nimepiga goti aliangalia saa.

"Fundi, hii kitu itaisha lini?"

"Kesho kutwa."

"Mbao ni mbao," alisema. "Ikishafunikwa na mabati, nani ataona?"

Siku nyingine nilimsikia akimwambia mtu kwenye simu, bila kujua niko nyuma ya ukuta, "Wameniletea mtu wa jicho moja ati ndiye achague mbao." Nilisimama pale na chaki mkononi. Zamani ningechukua gunia langu na kwenda zangu. Siku hiyo nilirudi kwenye meza nikapiga goti.

Jumamosi tulienda nyumbani, mimi na mwenzangu. Jumatatu tuliporudi tulikuta rafta sita zimesimama upande wa mashariki, zimepigiliwa. Msimamizi alikuwa ameleta mafundi wawili kutoka mjini ili kusogeza kazi. Walichukua mbao kutoka kila rundo. Mishale yangu myekundu niliiona huko juu, mingine imeelekea mbinguni, mingine imeelekea chini.

Mwenzangu alitoa kamba kwenye gunia. Alipanda, akafunga kamba kwenye rafta ya kwanza, katikati ya mteremko, akaivuta mpaka ya sita akaikaza. Ya tatu ilikuwa chini ya kamba kwa vidole viwili. Ya nne iliisukuma kamba juu. Ya tano ilikuwa chini tena. Akina mama walikuwa wamefika na maji ya kazi. Mwenyekiti alitua mtungi, akasimama kwenye kona ya ukumbi, akafumba jicho moja.

"Hiyo si paa," alisema. "Hiyo ni blanketi imeanikwa kwa ua. Toeni."

"Mama mwenyekiti," msimamizi alisema, "tukitoa tunapoteza siku nzima. Hizo ni vidole viwili tu. Na mnamsikiliza mtu ambaye, samahani, hata kikombe anakikosa."

Ilikuwa kweli. Alikuwa ameniona nikikikosa. Juu yetu kamba ilikuwa ikilia kwa upepo. Niligundua kwamba sikuwa na hasira, na sikuwa na hofu pia.

"Nipime," nilimwambia.

"Nikupime aje?"

"Nenda kwa rundo ambalo sijaligusa. Chagua mbao nane wewe mwenyewe. Mimi nitasema, wewe utaweka kamba."

Alikubali upesi, na nadhani alifurahi. Alichagua nane akazilaza chini kwa safu. Mwenzangu aliniinulia ya kwanza. Nikapiga goti, nikatazama.

"Mgongo uko upande wako. Kidole kimoja, katikati."

Msimamizi alikaza kamba kutoka ncha hadi ncha. Kidole kimoja, katikati.

"Hii imenyooka. Hii, mgongo upande wangu, lakini si katikati, uko karibu na ile ncha ya huko, baada ya lile fundo jeusi." Kamba ikasema hivyohivyo. Ya nne, ya tano. Akina mama walikuwa wameanza kunong'ona. Ya sita nilikawia. Niliitazama, nikaigeuza, nikaitazama tena.

"Umeshindwa na hiyo?" msimamizi aliuliza.

"Sijashindwa. Hii inaenda kama nyoka. Hapa mwanzo imetuna kwako, mbele imetuna kwangu. Usiiweke popote kwenye paa."

Aliweka kamba upande mmoja, akachuchumaa. Akaweka upande wa pili. Alikaa pale amechuchumaa muda mrefu, akitelezesha kidole kati ya kamba na mbao. Kisha akainuka, akapangusa vumbi magotini.

"Ni nyoka," alisema.

Vigelegele vilivyopigwa hapo viliwatoa watu dukani ng'ambo ya barabara. Mama mmoja alinishika mkono akauzungusha kana kwamba ni wa bwana harusi. Msimamizi hakusubiri kuambiwa. Yeye mwenyewe aliwaita wale mafundi wawili akasema, "Toeni zote sita," halafu akavua koti akapanda kuwasaidia kung'oa.

Tulisimamisha paa kwa siku nne. Mimi nilikaa chini nikipeleka mbao moja moja, mshale juu, na mwenzangu akazipokea. Hata hivyo moyo wangu haukuwa umekamilika. Mtu wa paa akikaa chini ni mgeni kazini kwake. Siku ya nne jioni, jua likiwa bado liko, rafta za mwisho zikiwa zimeshakaa, mwenzangu aliniita kutoka juu.

"Njoo uangalie mstari."

"Angalia wewe."

"Mimi si mtu wa mstari. Njoo."

Niliishika ngazi. Sikuitazama, niliona ni afadhali mikono na miguu ifanye kazi ya kupima. Nilishika kipande kimoja, nikakivuta kuhakikisha kipo, nikapapasa kwa mguu mpaka nikapata cha kukanyaga, nikashika kingine. Nilipofika juu ya ukuta niliketi. Nikapita kwenye rafta kwa makalio, kama mtoto anayeshuka kitandani, na sikujali nani anaona. Nilipofika kileleni nilikaa nikiwa nimekipanda kama punda, nikainama mpaka shavu likagusa mbao, nikafumba lile la kufumba.

Migongo yote ishirini na miwili ilikuwa mstari mmoja. Nilitazama upande wa mashariki, nikatazama wa magharibi. Haikuwepo iliyoinua kichwa, haikuwepo iliyozama. Mwanga ulipita juu yake kwa usawa kama maji ya mfereji. Mlima ulikuwa umefunguka mawingu, mweupe juu, na upepo ulinipiga kifuani, na nilikuwa juu. Nilikuwa juu ya paa langu.

"Vipi?" mwenzangu akauliza.

"Leta msumari," nilimwambia.

Alinipa mmoja, na nyundo. Nilikuwa nimefanya mazoezi kwa siri nyumbani, nyuma ya zizi. Siku hizi sipigi nikilenga kwa jicho. Nashikilia msumari, naweka nyundo taratibu juu ya kichwa chake mpaka vigusane, mkono unakariri pale mahali, ndipo nainua. Niliinua. Kile kidole gumba kilijikunja chenyewe kwa woga. Nikapiga, na chuma kikakutana na chuma. Pigo la pili, la tatu, la nne, kichwa cha msumari kikalala ndani ya mbao. Chini akina mama hawakujua kwa nini mafundi wawili wazima wanapigana makofi ya mgongo kwa sababu ya msumari mmoja.

Mabati yalilala kama karatasi mezani. Siku ya kufungua ukumbi, pasta akiwa katikati ya maombi, mvua ilianza na upepo wa Buuri, ule unaoshuka kutoka mlimani, ukaja nayo, mvua ya kulalia ubavu, yenye kelele hata maombi hayakusikika. Watu waliinua nyuso wakangoja tone. Hapo Ruiri kila mtu alikuwa amewahi kukaa kwenye jengo linalovuja na kila mtu alijua hatua ya kusogeza kiti. Hakuna aliyesogeza. Pasta alikatiza maombi, akasema "Amina" kwa sauti kubwa, na akina mama wakaanza wimbo juu ya kelele za mvua. Sahani za mukimo na nyama zilipita. Msimamizi alikuja akakaa kando yangu na sahani yake.

"Fundi," alisema, karibu na sikio langu kwa sababu ya kelele, "ile maneno ya kikombe..."

"Ilikuwa kweli."

"Ilikuwa kweli, lakini haikufaa." Alikula kidogo. "Nifundishe hiyo kuangalia."

Nilimfundisha, siku iliyofuata, na lile rundo la vipande lililobaki. Alikuwa mwepesi wa kushika. Shida yake ni kwamba alishindwa kufumba jicho moja bila la pili kufuata, ikabidi alizibe kwa kiganja. Nilimwambia aendelee, litakuja.

Yeye ndiye aliyenipa kazi ninayoifanya sasa. Miezi michache baadaye alinipigia simu kutoka Embu. Alikuwa akijenga bwalo la shule na hakutaka mbao zimfikie kwanza ndipo alie. Alitaka niende kiwandani nizichague kabla hazijapakiwa. Nilienda. Baada yake akaja mwingine, na mwingine. Nimechagua mbao za kanisa, za soko, za nyumba ya mfanyabiashara wa miraa huko Maua aliyetaka paa lenye pembe nane na akalipata. Mwenzangu bado ni mwenzangu. Siku ambazo hakuna safari napanda naye, polepole, nikipapasa.

Juzi nilikuwa Embu tena. Nilishuka barabarani mbele ya kiwanda kimoja cha mbao nilichokuwa sijawahi kuingia, kofia kichwani, chaki mfukoni. Mwenye kiwanda alikuwa amesimama langoni. Alinitazama usoni, akatazama jicho langu la kushoto, kisha akageuka akawapigia kelele wafanyakazi wake:

"Mmoja aende afunike zile za nyuma! Na mlete zile nzuri! Yule mtu amefika!"

Nilimsalimia kwa heshima zote, nikaomba meza mbili za chini.